Bawa la mshale wa kaboni limebanduka: kabla hujabadilisha gundi, tazama ilikobaki

Bawa likidondoka kwenye mshale, wa kwanza kulaumiwa ni gundi. Kichupa kinatupwa, kinatafutwa kingine chenye sifa zaidi, mabawa mapya yanabandikwa, na baada ya muda si mrefu nayo yanadondoka vilevile. Hilo hutokea sana, hata siku hizi mtu akiniuliza "gundi gani nzuri?" humwomba kwanza anionyeshe bawa lililotoka. Gundi mbovu zipo, na zisizofaa kazi hii zipo pia, lakini kwa mishale ya kaboni huwa ni mshukiwa wa mwisho. Mbele yake kuna uti mchafu, bawa lililoshikwashikwa kwa vidole, na kibanio kilichokaa upande.

Tuelewane maneno kwanza. Hapa bawa ni lile la plastiki, na unyoya ni unyoya wa kweli wa ndege, ambao kwa mishale ya michezo huwa wa bata mzinga. Uti ni mwili wa mshale. Noki ni kile kipande cha nyuma kinachong'ata uzi wa upinde. Jigi ni kifaa kinachoushika mshale wakati wa kubandika, na kibanio ni taya lake linaloshika bawa. Unyayo wa bawa ni ule ukanda mwembamba wa chini unaokaa juu ya uti. Huo unyayo ndio shahidi wetu mkuu.

Gundi imebaki upande gani?

Usilitupe bawa lililodondoka. Liweke karibu na taa, ligeuze, utazame unyayo wake. Kisha pitisha ukucha kwenye uti pale lilipokuwa limekaa: gundi iliyokauka hukwaruza ukucha, uti mtupu huteleza.

Ukikuta gundi yote imeondoka na bawa na uti ni mtupu, uti haukuwa safi. Ukikuta gundi yote imebaki kwenye uti kama mstari mgumu, na unyayo wa bawa ni safi kama ulivyotoka kwenye pakiti, tatizo liko upande wa bawa. Gundi ikiwa imegawanyika, nusu huku nusu kule, ujue ama iliwahi kukauka kabla ya kugusana, ama haikubanwa sawasawa, ama imezeeka. Na ukiona unyayo umetoka na nyuzi nyeusi za kaboni, acha habari ya gundi kabisa; mshale huo una jeraha, na tutaufikia.

Kuna hali ya tano ambayo watu huichanganya na hizo nne: bawa limechanika, lakini unyayo bado umeng'ang'ania uti. Hapo gundi imefanya kazi yake yote. Tafuta kilicholigonga bawa: mshale mwingine uliotua karibu, shabaha ambayo mshale ulizama mpaka nyuma, au kiegemeo cha mshale kwenye upinde.

Uti mtupu, gundi yote iko kwenye bawa

Hii ndiyo hali ninayoikuta zaidi ya zote. Uti wa kaboni ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini. Uso wake ni laini, mara nyingi umepakwa kitu cha kuulinda, na hauna vinyweleo vya kunyonya gundi kama ulivyo mti. Gundi inachoshika ni uso tu, kwa hiyo kilichoko juu ya uso ndicho kitakachoshikwa. Kama juu yake kuna nta, gundi itashika nta.

Uchafu wenyewe hauonekani. Mafuta ya vidole ni ya kawaida. Ila adui mkubwa ni silikoni. Wapo wanaopaka mishale nta au kupulizia silikoni upande wa mbele ili ichomoke kwa urahisi kwenye shabaha ya povu. Mkono unaochomoa mshale unaushika mbele penye silikoni, kisha unashika nyuma wakati wa kuuweka kwenye uzi. Baada ya siku chache uti mzima una utando. Silikoni haitoki kwa kupangusa mara moja, na kitambaa kilichoifuta kikitumika tena huwa kinaipaka.

Usafishaji uende hivi. Osha upande wa nyuma kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na losheni, suuza sana, kausha. Kisha pangusa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukitumia tishu nyeupe, kuelekea upande mmoja tu, tishu mpya kila mpanguso. Kupangusa kwenda na kurudi ni kuhamisha uchafu. Tishu ikitoka na weusi mara za kwanza usishtuke, ni vumbi la kaboni au wino wa maandishi ya mtengenezaji.

Sasa jaribu kwa maji. Dondoshea maji safi sehemu uliyosafisha na uinamishe mshale. Yakitandaa na kukaa kama utando mmoja, uti uko tayari. Yakijikusanya kuwa matone yanayokimbia, bado kuna mafuta, na gundi nayo itayakimbia vivyo hivyo. Rudia. Jaribio hili linachukua nusu dakika na linamaliza ubishi wote wa "mbona nilisafisha". Baada yake kausha, pangusa tena kwa alkoholi, iache iruke, na kuanzia hapo usiguse sehemu ile kwa kidole hata kwa kuihakiki.

Kama maji yanatandaa na bado bawa linatoka na gundi yote, uti umeng'arishwa mno. Ondoa mng'ao kwa msasa laini, wa namba 400 hadi 600, ukiwa umelowa maji, kwa mkono mwepesi. Unachotaka ni uso kufifia tu. Ukianza kuona nyuzi za kaboni umeshapita, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo nguvu ya mshale. Kusugua kwa maji kunazuia vumbi lisiruke. Vumbi la kaboni likikauka ni la kuvalia barakoa, na kwenye ngozi linawasha.

Kuhusu asetoni, watu wamegawanyika, na pande zote mbili zina hoja. Mpanguso mmoja wa haraka kwenye uti wa kaboni unasafisha kuliko alkoholi. Kuuloweka uti ndani yake ni jambo jingine, usifanye. Halafu asetoni isifike kwenye noki: nyingi ni za polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, na asetoni huipasua polikaboneti kwa nyufa ndogondogo ambazo utazijua siku noki itakapovunjika kwenye uzi na upinde ukafyatuka bila mshale. Toa noki kwanza. Kiondoa rangi ya kucha usikitumie hata kama kina asetoni, kwa sababu vingi vimetiwa mafuta ya kulainisha kucha. Petroli na mafuta ya taa huacha utando wao wenyewe. Na baadhi ya spiriti za kupaka mwilini zina manukato au mafuta, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye chupa.

Uti una gundi, unyayo wa bawa ni safi

Plastiki laini hulainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo hazikai zilipowekwa. Bawa la vinili likikaa muda mrefu kwenye pakiti, hasa mahali pa joto, huanza kutoa jasho: unyayo unakuwa na mng'ao wa mafuta ukiuelekeza kwenye mwanga. Gundi inashika jasho hilo, si bawa.

Mpanguso mmoja wa alkoholi kwenye unyayo, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, hutosha. Asetoni usiilete hapa, inalainisha na kukunja mabawa mengi. Lakini kuna mtego: watengenezaji wengine huupaka unyayo dawa ya kusaidia gundi kushika, na ukiupangusa unaiondoa. Kama pakiti inasema mabawa yako tayari kubandikwa, yatoe kwa kushika ukingo wa juu, usiuguse unyayo, na yabandike yalivyo. Yakigoma hivyo ndipo upanguse moja na kulijaribu.

Bawa likigoma hata baada ya hapo, pengine plastiki yake na gundi yako haviendani. Ziko dawa za kupaka kabla ya gundi, huuzwa kama kalamu, na kwa mabawa magumu kushika zinabadilisha mambo kabisa. Pitisha mara moja kwenye unyayo, subiri ikauke, kisha bandika.

Gundi imegawanyika pande zote mbili

Hapa kuna mambo matatu au manne yaliyofungamana, na ni hapa ambapo kutazama kwa makini kunalipa.

Angalia unyayo tena. Je, gundi imeenea upana wote, au iko ukingo mmoja tu kama mstari? Ikiwa ukingo mmoja, kibanio kilikuwa kinalilaza bawa. Unyayo ulisimama kwa ukingo wake, upande wa pili ukabaki hewani, na gundi ikajaa kwenye pengo. Pengo likijazwa linaonekana zima kwa nje, ila supaglu haina nguvu kwenye unene. Inashika vizuri inapokuwa utando mwembamba kati ya vitu viwili vinavyogusana.

Ili kuhakiki, weka bawa kwenye kibanio bila gundi, lishushe juu ya uti uliomo kwenye jigi, kisha elekeza tochi kutoka upande wa pili. Ukiona mwanga unapita chini ya unyayo, mbele, katikati au nyuma, jigi inahitaji kurekebishwa. Mishale myembamba ya nje, ya kipenyo cha takriban milimita 5, inasumbua zaidi kuliko ile minene ya ndani inayokaribia milimita 9.3, kwa sababu bawa linalozungushwa kwenye uti mwembamba linalazimika kupinda sana. Kama kibanio chako ni cha mzunguko mkali na uti ni mwembamba, punguza mzunguko. Bawa lililonyooka na lililoshika ni bora kuliko lililozunguka na kudondoka.

Jambo la pili ni wingi wa gundi. Supaglu hukauka kwa kukutana na unyevu mdogo ulioko kwenye nyuso na hewani. Ukiweka nyingi, nje inakauka na ndani inabaki mbichi, ukitoa kibanio bawa linaonekana limekaa, kumbe limeshikwa na ngozi tu. Kinachotakiwa ni mstari mmoja mwembamba katikati ya unyayo, usiokatika. Ukibana, gundi ichungulie kidogo sana pembeni. Ikimwagika kwenye uti umezidisha.

La tatu ni muda. Ukipaka supaglu kisha ukaanza kutafuta mshale, gundi inajifunga juu kabla haijagusa uti. Uwe umeweka mshale kwenye jigi, noki imekaa, kisha ndiyo upake na kushusha kibanio papo hapo. Bana sekunde kadhaa hadi dakika moja, kadiri chupa inavyoelekeza. Lakini kutoka kwenye kibanio si kuwa tayari kupigwa: nguvu kamili huchukua takriban saa 24. Mshale uliobandikwa asubuhi na kupigwa mchana kwenye shabaha ngumu hauthibitishi lolote kuhusu gundi.

Mwisho ni umri. Supaglu ikizeeka inakuwa nzito na kuvuta nyuzi, na inachelewa kushika. Chupa iliyofunguliwa ifungwe vizuri na iwekwe mahali pakavu, pa baridi. Ambayo haijafunguliwa unaweza kuiweka kwenye friji, ila ukiitoa iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, vinginevyo umande unaingia ndani na ndio mwanzo wa kuharibika kwake.

Ncha moja inanyanyuka, kwingine kumeshika

Ncha ya mbele ikinyanyuka baada ya kupiga, sababu kwa kawaida ni msuguano: mshale unaingia kwenye shabaha, povu linalipandisha bawa kuanzia mbele. Dawa ni tone dogo la gundi mbele ya unyayo, likaushwe kuwa mteremko kati ya uti na bawa. Weka tone jingine nyuma. Hatua hii huachwa na wengi kwa sababu bawa likitoka kwenye jigi linaonekana limekamilika. Kwa manyoya tone la mbele si la hiari: ncha ya unyoya ikinyanyuka inakuwa mwiba, na kwa anayepitisha mshale juu ya mkono wake inaingia kwenye nyama.

Ncha ikinyanyuka kabla hata ya kupiga mshale wa kwanza, basi ni jigi. Fanya lile jaribio la tochi.

Ukungu mweupe kuzunguka bawa

Unatia wasiwasi bure. Ni mvuke wa supaglu uliokutana na unyevu wa hewani na kutua kama unga. Haupunguzi nguvu ya gundi. Unaashiria kwamba umeweka nyingi, au chumba kina unyevu na hewa haipiti. Futa kwa alkoholi, na mara nyingine punguza gundi. Dawa za kuharakisha kukauka huzidisha ukungu huu na huifanya gundi iwe kavu ya kupasuka. Kwa mabawa sioni haja yake.

Sasa tuzungumzie gundi

Kama umepita yote hayo na bado unataka kubadilisha, haya ndiyo makundi yaliyopo.

Supaglu, ambayo kikemia ni sianoakrileti, ndiyo chaguo langu kwa bawa la plastiki juu ya kaboni. Historia yake inachekesha: mwaka 1942 Harry Coover na wenzake huko Eastman Kodak, Marekani, walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, wakaiweka kando kwa sababu ilinata kila kitu. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Kwa mishale chagua ya uzito wa kati, au ile iliyotengenezwa maalumu kwa mabawa. Ile nyepesi kama maji inakimbia kwenye uti kabla hujabana, na ya jeli inasaidia pale unyayo usipokaa vizuri, ingawa ni afadhali kurekebisha kibanio. Udhaifu wake ni kwamba ni ngumu na haina mnyumbuko, kwa hiyo kwenye baridi kali bawa likigongwa linaweza kuruka zima. Zimo zilizotiwa mpira kwa ajili hiyo. Joto nalo linaidhoofisha, na mishale iliyoachwa ndani ya gari juani inarudi na mabawa yaliyopinda hata kama gundi imevumilia.

Gundi za kiyeyushi, zile zenye harufu kali zinazokauka kwa kuacha kiyeyushi kiruke, ndizo za zamani za kazi hii. Zinanyumbuka kidogo na zinafaa sana kwa manyoya na kwa uti wa mbao au alumini. Zinadai subira: bawa likae kwenye kibanio dakika 10 hadi 15, kwa hiyo ukiwa na kibanio kimoja mishale kumi na miwili inakula siku. Kwenye baadhi ya kaboni na baadhi ya mabawa hazishiki kabisa, kwa hiyo bandika moja, subiri siku nzima, kisha ulivute kwa vidole.

Tepu ya pande mbili ni ya manyoya na ya mabawa membamba ya maila (plastiki nyembamba kama karatasi) yaliyojikunja, yale wanayopenda wapigaji wa rikavu, upinde wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele. Bawa la maila hubandikwa kwenye mstari uliochorwa kwa kalamu, kisha ncha zake mbili hufungwa kwa tepu nyembamba kuzunguka uti. Yakidondoka, tazama zile tepu za ncha kabla ya kitu kingine. Zikilegea, tepu ya chini haiwezi peke yake.

Gundi inayokauka kwa mwanga wa urujuanimno inakupa muda wa kupanga bawa bila haraka, lakini mwanga lazima uifikie, na uti mweusi haupitishi mwanga. Kama bawa nalo ni jeusi, sehemu ya katikati inabaki mbichi. Epoksi iache kwa ncha za chuma za mbele. Kwa mabawa ni nzito na siku ya kuyabadilisha utajuta.

Usivae glavu za pamba ukishika supaglu. Ikimwagikia pamba huchemka ghafla na inaweza kuunguza ngozi. Za nitrili zinafaa. Vidole vikishikana, maji ya vuguvugu yenye sabuni na uvumilivu, ukivizungusha polepole, bila kuvivuta.

Kubandua la zamani bila kuua mshale

Mabawa mengi mapya yanadondoka kwa sababu yamekaa juu ya mabaki ya zamani. Mabaki yatoke yote.

Tumia kisu butu au kikwanguo kilichotengenezwa kwa kazi hii. Ingiza upande wa bawa, kisu kikilala karibu sambamba na uti, na usukume kufuata urefu wa mshale. Kisu kikisimama kinauma kaboni. Wembe mpya ni hatari zaidi kuliko kisu kilichochakaa, kwa kuwa hauhisi tofauti ya gundi na uti. Mstari wa gundi uliobaki ulainishe kwa tishu iliyoloweshwa asetoni, ishike juu yake kwa muda mfupi, kisha kwangua kwa ukucha au kipande cha plastiki. Asetoni huyeyusha supaglu iliyokauka, ila kwa mwendo wake, na hapo ndipo wenye haraka hushika kisu.

Moto usitumie. Resini inayoshika nyuzi haipendi joto kali, na uti ulioungua kwa ndani hauonyeshi chochote nje. Isipokuwa mshale una karatasi ya vinili ya mapambo nyuma: hiyo huchovywa kwenye maji moto kwa sekunde chache mpaka gundi yake ilegee, kisha huvuliwa pamoja na mabawa yake yote, kazi ya kupendeza kweli. Acha noki mahali pake ili maji yasiingie ndani. Na ukibandika mabawa juu ya karatasi mpya kama hiyo, isafishe kwa alkoholi tu, maana asetoni inaila.

Sasa zile nyuzi nyeusi. Ukizikuta kwenye unyayo, au ukaona uti umechanika kwa urefu, umechubuka au una ufa, usiubandike tena. Hata uti unaoonekana mzima ukague: ushike ncha zote mbili, uelekeze mbali na uso wako na wa mwenzako, uupinde kidogo huku ukiuzungusha robo kwa robo. Ukisikia mlio wa kupasuka au ukahisi sehemu imelegea, uvunje ili asije mwingine akauokota. Mshale wa kaboni uliojeruhiwa unaweza kupasuka uzi unapousukuma, na vipande vyake huingia kwenye mkono unaoshika upinde.

Mabawa yameshika, lakini mshale unayumba

Ukiona mshale unatingisha mkia baada ya kubandikwa upya, kabla ya kubandua chochote zungusha noki. Kwenye mishale mingi ya kaboni noki inaingia kwa kusukumwa na inazunguka. Pengine bawa moja linagusa kiegemeo. Pulizia unga mwembamba wa miguu kwenye mabawa na kiegemeo, piga mshale mmoja, uone umefutika wapi. Zungusha noki digrii chache, jaribu tena.

Kama hakuna kinachogusa, pima pembe. Mabawa matatu hukaa digrii 120 kati ya moja na jingine, na yote yageukie upande mmoja kwa kiasi kile kile, kwa kawaida digrii 1 hadi 3. Jigi iliyolegezwa kati ya mshale wa tatu na wa nne inakupa seti mbili zisizolingana. Kwa manyoya, ya bawa la kushoto la ndege na ya bawa la kulia yana mkunjo tofauti na hayachanganywi kwenye mshale mmoja, wala kwenye seti. Umbali kutoka noki nao ulingane. Anayevuta uzi kwa vidole aache takriban milimita 25 ili mabawa yasiguse vidole wala uso.

Je, likitoka moja ubadilishe yote matatu? Kama una jigi ile ile, ikiwa kwenye pembe ile ile, na bawa la aina ile ile, badilisha moja. Kama jigi imeshatumika kwa mipangilio mingine, au bawa la pakiti mpya ni zito au gumu kuliko yaliyobaki, badilisha matatu. Kwa anayeshindana kuna sababu ya ziada: kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo wa upinde, zinataka mishale inayotumika kwenye raundi moja ya kupiga ifanane, mabawa na noki vikiwa na rangi na mpangilio mmoja. Bawa jekundu la dharura kwenye seti ya manjano linaweza kupita mazoezini, ila si mbele ya mwamuzi anayekagua vifaa.